Nilichokiona kwenye daftari la tofali, Dodoma

Kuna neno nimelisikia tangu nikiwa mdogo na kila nikilisikia linaniuma, kwamba watu wa Dodoma ni wavivu. Nimelisikia kwenye basi, nimelisikia maofisini, nimelisikia mpaka kwa watu wetu wenyewe wakijisema. Mimi ni Mgogo wa Kongwa na nimefanya kazi miaka minne ya kuhesabu kazi za watu, yani kazi yangu ilikuwa hiyo tu, nani kaingia saa ngapi na tofali ngapi zimetoka, kwahiyo naomba niongee nilichokiona kwa macho yangu maana hata watu wakijadili uchumi wanaongelea tija, yani kiasi mtu anachozalisha kwa saa zake za kazi, kama vile ni tabia ya mtu, huyu anajituma yule hajitumi, basi imeisha.

Ilikuwa hivi. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza serikali yote inahamia Dodoma, na sisi tulikuwa tunaambiwa tangu 1973 kwamba huku ndo makao makuu ila safari hii watu wakahama kweli. Aprili 2018 tukawa jiji, mwisho wa mwaka huohuo majengo ya wizara yakaanza kupanda pale Mtumba, na mji mzima ukawa unajenga, Nala, Nzuguni, Ilazo, Msalato, huko kote zamani ulikuwa unakuta mapori na mbuzi. Tofali zikawa zinakwenda kama njugu. Mama mdogo ambaye nilikuwa nakaa kwake Chang'ombe akaniunganishia kazi kwa mzee mmoja mwenye kiwanja cha kufyatulia tofali njia ya kwenda Ihumwa. Kidato cha nne nilishamaliza, matokeo hayakunipeleka mbele, ila hesabu zangu zilikuwa nzuri na mwandiko wangu unasomeka, nikapewa daftari.

Timu ilikuwa ya watu saba. Wawili wanachanganya mchanga na simenti kwa koleo, mmoja anabeba kwa toroli, fundi mashine mwenyewe, wawili wanabeba tofali mbichi kupeleka kupanga, na dada mmoja wa kumwagilia. Mashine moja ya mota, tofali za inchi sita. Walikuwa wanalipwa kwa siku, saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Bosi alikuwa na shughuli zake nyingine mjini hivyo alikuwa anapita saa tisa alasiri na pikapu yake, na kila akipita anawakuta watu wamekaa kivulini chini ya mwarobaini. Kila siku. Anaangalia daftari, tofali 350, jana 340, juzi 350. Anaanza, "Binti, hawa watu wako wananiibia muda, wamezoea kulala hawa." Na wao wanainuka wanashika makoleo hata kama hakuna cha kufanya, unamuona mtu mzima ana watoto wanne anafagia mchanga ambao hauhitaji kufagiwa ili tu aonekane kasimama. Mjomba mmoja pale, ndo alikuwa mkubwa wao, alikuwa anafanya hivyo na mimi nilikuwa nashindwa kumtazama.

Siku moja nikaamua, nikafungua daftari ukurasa wa nyuma nikaanza kuandika kila mashine inapozimwa, imezimwa saa ngapi na kwanini. Hakuna aliyenituma. Nilitaka nijue tu ukweli uko wapi.

Ile siku ilikwenda hivi, karatasi bado ninayo. Saa moja watu wote saba wapo. Maji hakuna, kwasababu ya mgao bomba lilikuwa halitoi na tulikuwa na mapipa mawili tu ambayo yalikaukia jana yake kwenye kumwagilia, tukasubiri boza. Boza likaingia saa tatu kasoro robo. Hapo tayari dakika 105 zimekwenda watu saba wamekaa. Wakaanza. Katikati belti ya mota ikawa inateleza, fundi akaifungua akaipaka sabuni kavu akaifunga, ikateleza tena, dakika 40. Mchanga ukaisha, lori lilikuwa korongoni huko limenasa, dakika 50. Chakula nusu saa. Alafu saa nane na nusu mchana fundi mashine akazima mwenyewe, nikamuuliza "vipi kaka?", akanionyesha kwa kidole tu, vibao vimeisha.

Hapa nieleze kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye kiwanja cha tofali. Tofali ikitoka kwenye mashine ni mbichi, ukiishika kwa mkono inamomonyoka, kwahiyo inatokea juu ya kibao na inabebwa na kibao chake inakwenda kulala hapo mpaka kesho ikaze ndo unatoa kibao. Sisi tulikuwa na vibao 350. Sasa hata ungewaleta wanajeshi pale, hata ungewaleta malaika, zisingetoka tofali 351. Vibao vikiisha saa nane na nusu watu wanakwenda kukaa mwarobaini mpaka saa kumi, na bosi anapita saa tisa. Siku zote mzee wa watu alikuwa anapita muda ambao vibao vimeshaisha, akawa anaamini anaona tabia za watu kumbe anaona upungufu wa mbao.

Nikapiga hesabu usiku. Saa tisa za kazi, mashine ilizunguka saa 3 na dakika 45. Ukitoa chakula, watu walisubiri saa 4 na dakika 45. Yani walisubiri muda mrefu kuliko walivyofanya kazi na hakuna hata dakika moja walioichagua wao. Na ule muda mashine inazunguka zilikuwa zinatoka tofali 90 na ushee kwa saa, kasi ambayo ukisimama pale pembeni unaona mgongo wa mtu unavyolowa.

Kumuonyesha bosi ilinichukua wiki nzima kwasababu mimi ni binti, ameniajiri juzi, na unaanzaje kumwambia mtu mzima amekosea. Nikampa shikamoo, nikamwambia mzee naomba uangalie huu ukurasa ukiwa umetulia, nikamuachia daftari kwenye kiti cha gari nikaondoka. Kesho yake hakusema kitu. Kesho kutwa yake akaja asubuhi saa moja, kwa mara ya kwanza, akakaa mpaka saa tatu akaona mwenyewe boza halijafika. Namheshimu kwa hilo mpaka leo, wengi wangeninyang'anya daftari.

Ndani ya mwezi akanunua matanki mawili ya lita 5,000 yanajazwa jioni, mchanga ukawa unamwagwa siku moja kabla, na akampa seremala wa Nkuhungu oda ya vibao 250 kwa mabaki ya mbao. Belti mpya nayo. Watu walewale saba, mashine ileile, jua lilelile la Oktoba ambalo wa huku mnalijua, daftari likaanza kusoma 560, 580, 600. Hakuna aliyefukuzwa wala kufundishwa kujituma.

Ukiuliza wasomi wa uchumi watakwambia tija ni kile kinachotoka ukigawanya kwa saa za mtu, na kinachoipandisha ni vifaa, ujuzi, afya, miundombinu na namna kazi ilivyopangwa. Sawa kabisa, ila mimi nadhani hilo la mwisho huwa tunalipita haraka sana. Tunawaza trekta tunawaza roboti, wakati kibao cha mbao ambacho seremala anakikata dakika tano ndo kilikuwa kimeshikilia mishahara ya watu saba.

Na vifaa peke yake navyo vina hadithi yake nyumbani kwetu. Babu yangu mzaa baba alikuwa kibarua kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa. Walianza 1947, baada ya vita Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula, wakaona pori letu wakasema hapa tutalima karanga kwa mashine, maekari kwa maekari. Walileta matrekta mpaka mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Vifaru kabisa, vikafanywa matrekta! Na 1951 mradi ukafungwa, mamilioni ya pauni yamepotea na karanga walizovuna haziendani na chochote kile walichotumia. Udongo wa kule ukikauka unakuwa mgumu kama simenti, majembe ya matrekta yanalika, karanga zimekaa ardhini kuzing'oa ni shughuli, na mvua ya Ugogoni ndo hiyo inakuja mara moja kwa mwaka tena kwa kujisikia. Bibi zetu walikuwa wanapanda mtama na uwele, na walikuwa na sababu.

Babu kazi yake ilikuwa kuokota mizizi nyuma ya mashine. Alikuwa anatusimulia jioni kwamba mashine ikivunjika kipuri kinatoka Dar es Salaam kwa treni, na wao wanakaa siku tatu nne pale wamezunguka lile dude limezima, na msimamizi akipita anawaita wavivu. Aliongea hilo neno kwa Kiswahili hata kama stori yote anaisema Kigogo. Nilikuwa mtoto nikawa naona ni stori tu. Siku nimepiga ile hesabu ya saa 4 na dakika 45 nilimkumbuka babu nikalia, sitaficha.

Turudi kiwanjani. Baada ya tofali kupanda bosi akafurahi akasema sasa nitawalipa kwa tofali, kila mtu ale kwa jasho lake. Ilikuwa enzi za Hapa Kazi Tu, ile kaulimbiu ya Magufuli, na sote tukaona ni haki. Wiki ya kwanza 640, wiki ya pili zikapita 700. Mimi naandika tu naona raha. Ila vibao ni 600, hizi 100 za juu zinatoka wapi? Kumbe jioni walikuwa wanavitoa vibao kwenye tofali za asubuhi zikiwa hazijakaza ili wafyatulie nyingine, tofali inabaki imekaa chini imesimama vizuri kwa macho lakini kwenye kitako ina ufa kama unywele. Na kumwagilia kukawa kwa haraka haraka maana dada wa kumwagilia naye alihamishiwa kubeba.

Lori moja lilikwenda saiti ya mteja upande wa Mtumba. Fundi mkuu wa pale akachukua tofali moja akainyanyua mpaka usawa wa goti akaiachia, ikafunguka vipande vitatu. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Akamwambia dereva geuza. Nilikuwa nimekaa mbele kwenye lori lile nimeshika risiti.

Sikuwalaumu wale vijana na sitawalaumu. Uliwapa bei ya kitu kimoja wakakuletea hicho kimoja. Tulichokuja kufanya, tofali ikawa inahesabiwa siku ya tatu ikiwa imemwagiliwa, nzima, ndo inaandikwa jina la timu, na dada wa kumwagilia akarudi kulipwa kwa siku, kazi yake ni maji siku saba kwa kila safu na hahamishwi. Daftari likashuka mpaka 570 hivi likatulia hapo, na hizo 570 zilikuwa na thamani kuliko zile 700 kwasababu zilikuwa zinafika ukutani.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Njaa. Kuna vijana walikuwa wanatembea kutoka mbali wanafika hawajatia kitu tumboni, na kwenye daftari saa tano asubuhi unaona kabisa kasi inakatika, toroli linajazwa nusu. Tukakubaliana na mama lishe wa jirani uji wa uwele na karanga saa mbili, bosi analipa. Na mapumziko ya chakula yakawa dakika 60 badala ya nusu saa, maana sheria ya ajira ya 2004 inasema ukifanya kazi zaidi ya saa tano upewe angalau dakika 60, na siku isizidi saa tisa za kawaida. Bosi alidhani tutapoteza tofali 40, ile nusu saa ya kuongeza hata haikuonekana kwenye hesabu.

Umeme pia, wote mnakumbuka ule mgao wa mwisho wa 2023, wakati huo nilishaondoka pale ila wenzangu wa tofali walikuwa wanalala na mota kusubiri uwashwe usiku. Ilipowashwa mashine ya kwanza ya Bwawa la Nyerere Februari 2024, bwawa lenyewe ni la megawati 2,115, mimi nilifurahi kwa sababu ya vijana wa mota.

Kilichotuumiza kuliko umeme ni kulipwa kuchelewa. Mkandarasi mmoja mkubwa, simtaji, alichukua tofali zetu akakaa na hela miezi mitano. Bosi hana hela ya simenti, benki inataka hati ya nyumba, watu saba wazima wenye ujuzi wanakaa mwarobaini tena, na vibao 600 vimepangwa pembeni vinapasuka kwa jua. Mtu akipita barabarani hapo anaona nini? Anaona vijana wa Dodoma wamekaa kijiweni. Invoisi iliyokaa kwenye droo ya ofisi yenye kiyoyozi haionekani ukiwa barabarani.

Ndo kipindi hicho tulimpoteza fundi mashine, akapata kazi kwenye barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilometa 112. Alipoondoka ndo nikajua alikuwa anabeba nini kichwani. Alikuwa anachukua mchanganyiko anaukamata kwa ngumi, anafungua kiganja, ukibaki na umbo bila kuchuruzika maji ni sawa, ukipasuka ongeza maji. Alikuwa anasikia beringi kwa sikio kabla haijafa. Hakuna mahali tuliandika. Aliyemrithi alikuwa kijana mzuri tu, anajituma sana, ila wiki tatu tuliua tofali nyingi mpaka mjomba yule akaanza kumfundisha ile ya ngumi. Tangu hapo nawaambia vijana waende VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wakarasimishe ujuzi wao, wanapimwa kwa kile wanachokijua wanapewa cheti hata kama hawajakaa darasani, maana ujuzi wa namna hiyo upo mitaani mwingi na hauonekani.

Huyo fundi nilimkuta baadaye, anaendesha shindilia, ile mashine ya kukandamiza udongo wa barabara. Kanenepa. Akaniambia dada, kule boza la maji linanisubiri mimi, mimi silisubiri. Mafuta yanaletwa, kipuri kikifa wana stoo, mchoro upo, mshahara tarehe inajulikana. Siku moja anashindilia eneo ambalo kwa mikono wangekwenda wiki. Nikabaki namuangalia, ni mtu yuleyule, mikono ileile, aliyekuwa anaitwa mvivu saa tisa alasiri chini ya mwarobaini. Ukisikia mfanyakazi wa Ujerumani au Japani anazalisha mara nyingi kuliko wa kwetu, mimi naiona ile shindilia na lile boza linalosubiri, sioni damu tofauti.

Sikuhizi nina kiwanja changu kidogo Nala, mashine moja, watu watano, wanawake watatu kati yao. Hao wanawake walikuwa wanachelewa mpaka saa mbili na nusu na nilikuwa nimeanza kukasirika, siku nimemuuliza mmoja akanipeleka kwao nikaona foleni ya ndoo kisimani. Sasa wanakuja na ndoo zao asubuhi wanachota kwenye tanki langu jioni wakiondoka, na saa moja wote wapo. Kipuri nikikosa hapa mjini napanda treni ya umeme asubuhi, Kariakoo, na jioni nimerudi, zamani ilikuwa unampa kondakta wa basi hela unakaa siku mbili unaomba Mungu asikuletee saizi nyingine.

Desemba mvua ikianguka wanakwenda mashambani wote na siwazuii, alizeti na uwele wao ndo chakula cha mwaka mzima. Ninachofanya Oktoba na Novemba tunafyatua za akiba, tunapanga safu kuelekea kwenye ukuta wa jirani, na mwaka huu seremala wangu ameahidi vibao 80 kabla ya mwezi kuisha, ameshaleta 35.